Injini Moja Ikizimika: Hesabu ya Kupaa kwa Ndege na Kuviepuka Vikwazo

Utangulizi

Neno rubani lilikuwapo katika Kiswahili kabla ya ndege kuwapo duniani. Lilitoka katika Kiarabu, na miongoni mwa mabaharia wa pwani lilimrejelea mtu aliyekiongoza chombo kupita penye miamba hadi bandarini. Umahiri wake haukuwa katika nguvu za mikono. Alifahamu mwamba uko wapi hata pale maji yalipoufunika, na alifahamu hivyo kabla chombo hakijaukaribia. Ndege zilipoingia katika maisha ya Waswahili, wazungumzaji walilihamisha neno hilo kutoka baharini hadi angani bila kushauriwa na kamati yoyote ya istilahi. Anayechunguza kazi ya rubani wa ndege pale injini moja inapozimika punde baada ya kuiacha ardhi atakubali kwamba uhamisho huo ulikuwa sahihi kuliko walioufanya walivyoweza kujua.

Makala haya yananuia kueleza jinsi upaaji wa ndege yenye injini mbili au zaidi unavyopangwa ili, injini moja ikizimika katika wakati mbaya kabisa, ndege iendelee kupanda na kupita juu ya kila kikwazo kilicho mbele yake. Hoja inayojengwa ni kuwa usalama wa abiria katika dakika hizo chache huamuliwa mezani, kwa kalamu au kwa kompyuta, kabla ndege haijasukumwa kutoka maegeshoni. Njia ya kuondokea iliyochorwa na mamlaka za anga, ambayo wengi hudhani ni kinga tosha, haikuchorwa kwa ajili ya ndege iliyopoteza injini.

Kwa kuwa Kiswahili cha kawaida hutumia maneno machache kwa dhana nyingi katika uwanja huu, inafaa baadhi yake yabainishwe. Kuruka hapa ni kitendo cha magurudumu kuiacha ardhi. Kupaa ni safari nzima ya kupanda inayofuata. Kimo ni umbali wa kwenda juu, unaopimwa kwa mita (ingawa marubani wenyewe hupima kwa futi). Mwinuko ni uwiano wa kimo kinachopatikana na umbali wa mbele uliosafiriwa. Ndege inayopanda mita 3 kwa kila mita 100 za kwenda mbele ina mwinuko wa asilimia 3. Dhana hizi mbili za mwisho huchanganywa sana katika maandishi ya magazeti, na mchanganyiko huo ukiingia katika hesabu ya ndege unaweza kuua.

Nusu ya msukumo si nusu ya upaaji

Mtu asiye na mazoea ya taaluma hii hudhani kwamba ndege yenye injini mbili ikipoteza moja, uwezo wake wa kupanda hupungua kwa nusu. Dhana hiyo inaonekana kuwa ya kimantiki lakini haina ukweli. Ili kuona kosa lilipo, chukua mfano wa kaya yenye watu wawili wanaopata mshahara. Kila mmoja huleta shilingi 12,000 kwa mwezi, na matumizi ya lazima, yaani kodi ya nyumba, chakula na nauli, ni shilingi 9,000. Kila mwezi kaya hii huweka akiba ya shilingi 15,000. Mmoja akiachishwa kazi, mapato hushuka kwa nusu, lakini matumizi hayashuki. Huenda hata yakapanda kidogo, tuseme yakafika 9,500 kwa sababu ya nauli za kutafuta kazi nyingine. Akiba inayobaki ni shilingi 2,500. Kaya imepoteza nusu ya mapato na sehemu tano kati ya sita za akiba.

Ndege hufuata hesabu hiyo hiyo. Msukumo wa injini ndio mapato, nao ukinzani wa hewa ndio matumizi ya lazima. Kile kinachobaki baada ya msukumo kuushinda ukinzani, kikigawanywa kwa uzito wa ndege, ndicho mwinuko wa kupaa. Ndege ambayo kila injini yake inatoa msukumo ulio sawa na asilimia 12 ya uzito wake, na ambayo ukinzani wake ni asilimia 9, hupaa kwa mwinuko wa asilimia 15 injini zote zikifanya kazi. Injini moja ikizimika, ukinzani huongezeka kwa sababu injini iliyobaki inasukuma upande mmoja tu. Rubani hulazimika kukanyaga pedali ya usukani wa mkia ili pua isigeuke, na mkia uliopinda hukinzana na hewa. Tuseme ukinzani umefika asilimia 9.5. Mwinuko unaobaki ni asilimia 2.5.

Kanuni za kimataifa za kuidhinisha ndege kubwa za abiria zimeweka kiwango cha chini hapo hapo. Ndege ya injini mbili inayopaa kwa injini moja, magurudumu yakiwa yamekunjwa, lazima iwe na mwinuko usiopungua asilimia 2.4. Ya injini tatu hutakiwa kuwa na asilimia 2.7, na ya injini nne asilimia 3. Tarakimu hizi huwashangaza wanaozisoma kwa mara ya kwanza, kwa maana barabara nyingi za milimani ambazo matatu huzipanda zikinguruma zina mwinuko mkubwa zaidi ya huo. Ndege iliyo katika hali hii haipai kama tunavyozoea kuona kutoka dirishani, inatambaa.

Hewa ya Nairobi

Kaya iliyotajwa hapo juu ilikuwa na mshahara usiobadilika. Ndege haina bahati hiyo, kwa kuwa mapato yake hutegemea hewa. Injini humeza hewa, na mabawa huelea juu ya hewa. Hewa ikiwa nyepesi, vyote viwili hudhoofika. Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta uko kimo cha mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, na ule wa Wilson uko juu zaidi kidogo, karibu mita 1,690. Uwanja wa Moi ulioko Mombasa uko mita 61 tu. Katika alasiri ya nyuzijoto 25, kila mita moja ya ujazo ya hewa ya Embakasi ina takriban kilo 0.97. Mombasa, hata katika joto la nyuzi 30, mita hiyo hiyo ina karibu kilo 1.16. Kwa hivyo ndege inayoondoka Nairobi inafanya kazi katika hewa iliyopungukiwa na takriban asilimia 16 ikilinganishwa na ile ya Mombasa.

Matokeo yake ni mengi. Mosi, ndege inahitaji mwendo mkubwa zaidi juu ya ardhi, kwa kiasi cha asilimia 9 hivi, kabla mabawa hayajapata nguvu ya kuiinua. Ndiyo sababu njia ya kurukia ya Embakasi ina urefu wa zaidi ya kilomita 4. Pili, msukumo wa kila injini hupungua. Tatu, na hili husahaulika, rubani akiamua kusimamisha ndege iliyo mbioni, breki zinapaswa kumeza nguvu nyingi zaidi, kwani nguvu ya mwendo hukua kwa kipeo cha pili cha kasi. Aidha, joto la mchana huzidisha yote hayo. Ndege nyingi za masafa marefu huondoka Nairobi usiku, na ingawa ratiba za miji ziendako zina mchango wake katika hilo, hewa baridi ya usiku huwawezesha wapangaji kubeba zaidi. Safari ya moja kwa moja ya Nairobi hadi New York, iliyoanzishwa na Kenya Airways mnamo Oktoba 2018 kwa ndege za aina ya Boeing 787, ni kielelezo kizuri. Mafuta ya saa 15 hivi ni mzigo mzito mno, na kila tani ya mafuta inayoongezwa katika uwanja ulio juu hivyo hushindania nafasi na abiria na mizigo.

Nairobi imewahi kuonyesha kwa uchungu jinsi akiba hiyo ilivyo finyu. Tarehe 20 Novemba 1974, ndege aina ya Boeing 747 ya shirika la Lufthansa, safari nambari 540, iliruka kutoka Embakasi ikielekea Johannesburg ikiwa na watu 157. Injini zake zote nne zilikuwa zikifanya kazi. Hata hivyo, vibawa vya nyongeza vya mbele ya mabawa, vinavyoongeza nguvu ya kuinua wakati wa kuruka, havikuwa vimefunguka kwa kuwa mfumo wa hewa unaoviendesha haukuwa umewashwa. Ndege ilipanda kiasi cha mita 30 hivi, ikashindwa kuendelea, ikarudi chini na kuanguka mbele ya njia ya kurukia. Watu 59 walifariki. Hiyo ilikuwa ajali ya kwanza ya ndege ya aina hiyo kusababisha vifo. Mkasa huo haukuwa wa injini, lakini unatufunza jambo lile lile la akiba ya kaya. Ukinzani ukizidi na nguvu ya kuinua ikipungua, msukumo unaoonekana kuwa mwingi humalizika wote katika matumizi ya lazima.

Kasi ya uamuzi

Injini inaweza kuzimika wakati wowote, lakini wapangaji huchagua kudhani kwamba itazimika katika wakati mbaya kuliko zote, yaani ndege ikiwa katika mbio kali juu ya ardhi, imekwisha kutumia sehemu kubwa ya njia ya kurukia na bado haijainuka. Kabla ya kila safari, marubani huandaa kasi tatu. Ya kwanza ni kasi ya uamuzi. Ya pili ni kasi ya kuinua pua. Ya tatu ni kasi salama ya kupaa, ambayo ndege huishikilia ikiwa na injini iliyopungua.

Kasi ya uamuzi ndiyo inayozua fikra potofu nyingi. Jina lenyewe hudokeza kwamba rubani akiifikia huanza kuamua. Ukweli ni kinyume chake. Ikifikiwa, muda wa kuamua umekwisha. Kabla yake, injini ikizimika, ndege husimamishwa, na hesabu imekwisha kuthibitisha kuwa njia iliyobaki inatosha kusimamia. Baada yake, ndege huendelea na kuruka kwa injini iliyobaki, na hesabu imekwisha kuthibitisha kuwa itaweza kufika kimo cha mita 10.7, yaani futi 35, kabla ya mwisho wa umbali unaoruhusiwa. Katika mashirika mengi nahodha huondoa mkono wake kwenye vishikio vya msukumo mara kasi hiyo inapotajwa, ili mkono usije ukashawishika kuvirudisha nyuma. Pengine istilahi bora ya Kiswahili ingekuwa kasi ya kukomea uamuzi. Lakini istilahi zikishazoeleka ni vigumu kuzing'oa.

Kutoka kimo hicho cha mita 10.7, upaaji hugawanywa katika vipande vinne. Katika kipande cha kwanza magurudumu yanakunjwa, na ndege ya injini mbili haidaiwi chochote ila isishuke. Kipande cha pili ndicho roho ya hesabu nzima. Magurudumu yamekwisha kukunjwa, vibawa vya nyuma vingali vimefunguliwa, injini iliyo hai inasukuma kwa nguvu yake yote, na mwinuko wa asilimia 2.4 uliotajwa awali ndio unaotakiwa. Kipande hiki huendelea hadi kimo kisichopungua mita 122 (futi 400). Katika cha tatu ndege huacha kupanda, hunyoosha pua, huongeza kasi na kukunja vibawa. Cha nne huipeleka hadi mita 457 (futi 1,500) kwa mwinuko usiopungua asilimia 1.2. Saa nayo inahesabu wakati huo wote, kwa sababu msukumo wa juu kabisa huruhusiwa kwa dakika 5 katika injini nyingi, na dakika 10 katika zile zilizoidhinishwa hivyo.

Kilima cha mita 200

Hadi hapa ndege imepaa katika anga tupu. Sasa tuweke kilima mbele yake. Si kilima cha mahali fulani. Ni cha kubuni, kilichoko kilomita 10 kutoka pale ndege ilipofikia kimo cha mita 10.7, na kilele chake kiko mita 200 juu ya usawa wa uwanja. Ndege ni ile ile ya mfano wetu, ina tani 60, na injini yake moja imezimika. Mwinuko wake ni asilimia 2.5. Baada ya kilomita 10 itakuwa imepata mita 250 juu ya kimo chake cha mwanzo. Kwa macho tu, inaonekana itakipita kilima kwa nafasi ya mita 60.

Kanuni haziruhusu hesabu hiyo. Mwinuko wa asilimia 2.5 ulipatikana na marubani wa majaribio, kwa ndege mpya, injini isiyochakaa na mikono iliyokuwa ikitarajia tukio hilo. Rubani wa safari ya kawaida huenda akashtuka kwa sekunde mbili, injini yake imefanya kazi kwa miaka, na mabawa yamebeba vumbi. Kwa hivyo mwinuko huo huitwa ghafi, kama mshahara usiokatwa kodi. Ili kupata mwinuko halisi wa ndege ya injini mbili, asilimia 0.8 hukatwa, ya injini tatu hukatwa 0.9 na ya injini nne hukatwa 1. Kinachobaki katika mfano wetu ni asilimia 1.7. Tena, mkondo huo halisi lazima uwe juu ya kikwazo kwa mita 10.7 au zaidi, na ndege ikiwa imeinama sana katika kona, nafasi hiyo huongezwa hadi mita 15 hivi.

Baada ya kilomita 10 mkondo halisi uko mita 181 juu ya uwanja. Kinachotakiwa ni mita 211. Ndege hii, kwa mujibu wa hesabu, inagonga kilima.

Wapangaji wana mambo machache ya kufanya. La kwanza ni kupunguza uzito. Ili kufikia mita 211, mwinuko ghafi lazima uwe asilimia 2.8 badala ya 2.5. Kwa kuwa msukumo wa injini ni ule ule, uzito ukipungua kutoka tani 60 hadi takriban tani 58.5, mwinuko huo hupatikana. Tani moja na nusu, ambayo ni kama abiria 15 pamoja na mizigo yao, ndiyo bei ya kilima. Hapa ndipo idara ya biashara ya shirika na idara ya uhandisi hukunjiana uso. La pili ni kuchagua kiasi kingine cha kufungua vibawa. Vikifunguliwa kidogo tu, ndege inahitaji njia ndefu zaidi ya kurukia lakini hupaa vizuri zaidi, kwani ukinzani wake ni mdogo. Nairobi, penye njia ndefu na hewa nyepesi, chaguo hilo mara nyingi lina faida. La tatu ni kusubiri baridi. La nne ni kukwepa.

Upepo nao huhesabiwa kwa ubahili wa kupendeza. Upepo wa mbele, unaoisaidia ndege, huruhusiwa kuingizwa kwa nusu tu ya nguvu yake iliyoripotiwa. Upepo wa nyuma, unaoidhuru, huingizwa kwa mara moja na nusu. Kwa maneno mengine, hesabu husadiki habari mbaya kuliko habari njema.

Njia mbili zisizofanana

Kukwepa kunatufikisha kwenye kiini cha hoja. Kila uwanja mkubwa una njia za kuondokea zilizochorwa na kuchapishwa, na ndege inayoondoka hupewa mojawapo na waongozaji. Wachoraji wake huchukua uso wa kufikirika unaopanda kwa asilimia 2.5 kutoka mwisho wa njia ya kurukia, na kuhakikisha kwamba hakuna kikwazo kinachoutoboa. Halafu huongeza asilimia 0.8 ya tahadhari, ndege ikatakiwa kupaa kwa asilimia 3.3 au zaidi. Pale kikwazo kinapoutoboa uso huo, mwinuko mkubwa zaidi hutangazwa kwenye chati.

Turejee kwenye kilima chetu. Katika kilomita 10, uso wa asilimia 2.5 uko mita 250. Kilima cha mita 200 kiko chini yake. Mchoraji hakioni kama tatizo, na kwa kazi aliyopewa hana kosa, kwa kuwa ndege yenye injini zote mbili inapaa kwa asilimia 15. Ila mwinuko wa asilimia 3.3 anaoutegemea ni mkubwa kuliko ule ambao kanuni zinaidai ndege iliyopoteza injini. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga limeeleza wazi katika miongozo yake kwamba njia hizi zimechorwa kwa kudhani injini zote zinafanya kazi, na kwamba mpango wa injini iliyozimika ni jukumu la mwenye ndege.

Kwa sababu hiyo, mashirika makini huchora njia yao ya pili kwa kila mwelekeo wa kila uwanja wanaoutumia. Njia hiyo haichapishwi na mamlaka za uwanja. Hukaa katika vitabu au kompyuta za shirika lenyewe, na huenda ikapinda kushoto pale njia iliyochapishwa inapopinda kulia, ili ifuate bonde au iende bahari ilipo. Mchoraji wake hachunguzi nchi nzima, bali ukanda mwembamba. Kwa kanuni za Ulaya ukanda huo huanza na mita 90 kila upande na kupanuka kwa mita 12.5 katika kila mita 100 za kwenda mbele, hadi kikomo maalumu. Mlima ulio nje ya ukanda hauhesabiwi, hata kama unajaza dirisha la abiria. Kona nazo zina gharama, kwa kuwa ndege iliyoinama hutumia sehemu ya nguvu ya mabawa kugeuka, na mwinuko wake hupungua. Ndiyo maana katika kimo cha chini kona za njia hizi huwa pana na za taratibu, mwinamo usizidi nyuzi 15.

Kuna tatizo moja la mawasiliano ambalo wanafunzi wa lugha watalitambua upesi. Mwongozaji wa ndege aliyeko mnarani hajui njia hii ya pili. Anachokiona ni ndege iliyoacha njia aliyoipangia na kuelekea asikotarajia, pengine penye ndege nyingine. Rubani naye, katika dakika hiyo, anashughulika na kuishikilia ndege isigeuke. Utaratibu unamtaka kwanza aiongoze ndege, kisha ashike mwelekeo, na kuzungumza kuje mwisho. Hivyo basi sentensi yake ya kwanza redioni lazima iwe fupi na iseme mambo matatu: kwamba ana dharura, kwamba amepoteza injini, na kwamba anafuata njia ya shirika lake kuelekea upande fulani. Mwongozaji aliyesikia hayo huondoa ndege nyingine njiani. Aliyesikia nusu huanza kuuliza maswali, na kila swali humla rubani sekunde alizohitaji kwa kazi nyingine.

Pale hesabu inapokosa

Mpango mzuri hauondoi uwezekano wa kosa la binadamu. Tarehe 4 Februari 2015, ndege ya rafadha aina ya ATR 72 ya shirika la TransAsia iliondoka uwanja wa Songshan mjini Taipei ikiwa na watu 58. Punde baada ya kuruka, rafadha ya injini ya kulia ilijigeuza yenyewe katika hali ya kutosukuma. Ndege za aina hiyo huweza kupaa kwa injini moja, na injini ya kushoto ilikuwa nzima. Nahodha akaizima hiyo ya kushoto. Ndege iligonga daraja la barabara kwa bawa lake na kuanguka katika mto Keelung. Watu 43 walipoteza maisha. Tangu hapo mfano huo hufundishwa kwa msisitizo kwamba katika kimo cha chini, kazi ya kwanza ni kuishikilia ndege katika kasi salama. Kutambua injini iliyokufa kunafuata, kwa utulivu, marubani wote wawili wakithibitisha.

Ikumbukwe pia kwamba dhamana zote zilizoelezwa zinahusu ndege kubwa za abiria. Ndege ndogo za injini mbili za pistoni, ambazo zimetumika kwa miaka mingi katika viwanja kama Wilson, hazikuidhinishwa zote kwa masharti hayo. Baadhi yake, zikijaa mzigo katika hewa ya mchana ya Nairobi, haziwezi kupanda hata kidogo kwa injini moja. Injini iliyobaki huwa inachelewesha tu kurudi chini. Kwa ndege kama hizo mpango wa busara ni kuchagua mapema mahali wazi pa kutulia, na mbuga iliyo kusini mwa Wilson ni mahali pa aina hiyo. Upande wa magharibi hali ni nyingine. Takriban kilomita 20 kutoka uwanjani kuna milima ya Ngong, yenye kilele cha karibu mita 2,460, yaani zaidi ya mita 750 juu ya njia ya kurukia. Huko ndiko alikozikwa Denys Finch Hatton, ambaye ndege yake ndogo ya injini moja ilianguka mara tu baada ya kuruka kutoka Voi mnamo Mei 1931.

Vikwazo si milima peke yake. Mnamo Januari 2003, ndege iliyokuwa imewabeba mawaziri wa serikali mpya ya Kenya iligonga nyaya za umeme ilipokuwa ikiondoka Busia, na Waziri wa Kazi Ahmed Khalif akafariki pamoja na marubani wawili. Nyaya, minara ya simu, miti na maghorofa vina sifa moja ambayo mlima hauna: huongezeka. Mlima ukipimwa mara moja umepimwa kwa vizazi, lakini mkaratusi hukua kila mvua zinaponyesha, na jengo huongezwa orofa. Ndiyo sababu sheria humtaka mwenye kujenga karibu na uwanja wa ndege apate kwanza idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya kuhusu kimo cha jengo lake. Mwenye ploti ya Embakasi au South C anayelalamika kwamba amenyimwa orofa mbili za juu huwa anahesabu kodi ya wapangaji. Upande wa pili wa hesabu hiyo kuna mhandisi ambaye, orofa hizo zikijengwa, atalazimika kuurekebisha uzito wa kila ndege inayopita juu yake.

Hata kreni ya mjenzi, inayosimama kwa miezi mitatu tu, huingia katika hesabu. Tangazo hutolewa kwa marubani likitaja mahali ilipo na kimo chake. Siku hiyo hiyo mhandisi huingiza tarakimu mpya, na ikiwa kreni imo ndani ya ukanda, uzito unaoruhusiwa kwa safari ya usiku hushuka. Ndege ya mizigo huondoka Embakasi kwa wakati wake, na masanduku machache ya maua ya Naivasha hubaki katika chumba baridi yakisubiri ndege itakayofuata.